Kipaji bila mafunzo ni jembe bila mpini

Wakenya tuna desturi moja ya ajabu. Mtoto wetu akiwa angali anahangaika, hatumjui. Akishinda ugenini, sote tunageuka wajomba na shangazi zake. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ya Machi 3, 2014, habari zilipotufikia kutoka Los Angeles kwamba Lupita Nyong'o ametuzwa Oscar kwa uigizaji wake katika filamu ya 12 Years a Slave. Katika matatu, maofisini na vibandani mwa chai, jina lilikuwa ni lake. Alikuwa Mkenya wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji. Mexico nayo, alikozaliwa mwaka wa 1983 baba yake akifundisha huko, ikadai kuwa binti ni wake pia.

Siku zile tulizungumza kuhusu gauni lake la samawati, nywele zake fupi na weusi wa ngozi yake. Tulizungumza sana kuhusu bahati. Wengi walisema kwamba alikuwa amechomoza ghafla, kama uyoga baada ya mvua. Sikukubaliana nao wakati ule, na sasa, zaidi ya mwongo mmoja baadaye, naona kwamba neno hilo "ghafla" limewaponza vijana wetu wengi wanaotamani kuigiza. Limewafanya waamini kwamba kinachohitajika ni sura, ujasiri na kuonekana na mtu anayefaa. Kazi yenyewe, na jinsi inavyofunzwa, haitajwi.

Makala haya nimeyakusudia kwa vijana hao, na kwa wazazi na wakuu wanaowaamulia mambo yao. Nataka tutazame njia aliyoipitia mwigizaji huyu hatua kwa hatua, kisha tujiulize kama njia hiyo ingalipo hapa kwetu.

Tuanzie Nairobi. Lupita alipokuwa na umri wa miaka 14, aliigiza Juliet katika tamthilia ya Shakespeare, Romeo and Juliet, akiwa na kundi la Phoenix Players. Wasomaji wa umri wangu wanalikumbuka kundi hilo. Lilianzishwa na James Falkland katika miaka ya themanini, nao ukumbi wake ulikuwa katika jumba la Professional Centre, hatua chache kutoka Bunge. Ulikuwa ukumbi mdogo. Aliyeketi safu ya mbele aliweza kuliona jasho la mwigizaji na kuisikia pumzi yake.

Udogo huo ulikuwa na manufaa yake. Katika ukumbi wa namna hiyo mwigizaji hana pa kujificha. Akisahau maneno, wote wanajua. Akidanganya hisia, wote wanajua. Tena kundi la aina hiyo halikai na mchezo mmoja mwaka mzima. Likimaliza huu linaanza ule. Leo wewe ni mwana wa mfalme, mwezi ujao ni mtumishi anayeleta barua na kuondoka. Kijana aliyekulia hapo anajifunza mapema kwamba uigizaji ni kazi yenye saa za kufika, mistari ya kukariri na wenzako wanaokutegemea.

Hatua ya pili haikuwa na umaarufu wowote. Akiwa na miaka 16 wazazi wake walimpeleka Taxco, Mexico, ajifunze Kihispania. Baadaye alikwenda Marekani, katika chuo cha Hampshire, akasomea filamu na michezo ya kuigiza. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa hapa Kenya na kutolewa mwaka wa 2005, yeye alikuwa miongoni mwa wasaidizi. Hakuwa mbele ya kamera bali nyuma yake, pamoja na wale wanaotumwa huku na kule kuanzia alfajiri. Alifanya kazi kama hiyo pia katika filamu ya The Namesake yake Mira Nair, mwelekezi aliyeanzisha huko Kampala warsha za Maisha za kuwafunza watengenezaji filamu wa Afrika Mashariki.

Ni wakati wa The Constant Gardener alipomwambia Ralph Fiennes, mwigizaji mkuu wa filamu ile, kwamba naye anatamani kuigiza. Mzee huyo wa kazi hakumpamba kwa sifa. Alimshauri aingie humo tu iwapo hawezi kuishi bila kazi hiyo. Nadhani ushauri huo ungebandikwa mlangoni pa kila ukumbi wa michezo nchini, ungetuokolea machozi mengi.

Mwaka wa 2009 Lupita alitoa filamu yake ya hali halisi, In My Genes, inayosimulia maisha ya Wakenya wenye ulemavu wa ngozi. Yeye ndiye aliyeielekeza. Mwaka huohuo akaonekana katika mfululizo wa televisheni wa Shuga uliopigwa Nairobi, unaozungumzia vijana na virusi vya Ukimwi. Kufikia hapo alikuwa na umri wa miaka 26. Alikuwa ameigiza jukwaani na katika televisheni, amebeba mizigo ya wengine na kuelekeza filamu yake. Wengi wetu tungesema mtu huyo amekwiva. Yeye alirudi darasani.

Ni hapa ninapomwomba msomaji atulie nami kidogo, maana ndicho kiini cha hoja yangu. Aliingia katika shule ya drama ya Chuo Kikuu cha Yale mjini New Haven, akakaa miaka mitatu, akahitimu mwaka wa 2012 na shahada ya uzamili katika uigizaji. Miaka mitatu mizima, kwa mtu ambaye tayari alikuwa anajulikana mitaani Nairobi!

Wako watakaouliza: kuna nini cha kusomea miaka mitatu katika kujifanya mtu mwingine? Swali hili nimelisikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu waliosoma. Jibu ni kwamba vyombo vya mwigizaji ni mwili wake mwenyewe, na chombo kisichonolewa hakikati. Kuna kufunza pumzi, ili sauti ifike safu ya nyuma bila kupiga kelele na bila koo kukauka baada ya maonyesho manane kwa wiki. Kuna kufunza matamshi na lafudhi, ili mtu wa Nairobi aweze kusikika kama mtumwa wa Louisiana au mama wa Kampala, na mwenyeji wa huko asicheke. Kuna kufunza mwili: jinsi mzee anavyoinuka kitini, jinsi mtu mwenye hofu anavyofungua mlango. Na juu ya yote kuna kufunza usomaji. Mwigizaji husoma tamthilia si kwa kutafuta mistari yake tu, bali kwa kuuliza mhusika huyu anataka nini, ni nani anayemzuia, na yuko tayari kupoteza nini ili akipate.

Huko Yale alicheza Shakespeare na Chekhov, alicheza tamthilia ngumu ya Gertrude Stein, alicheza ya kuchekesha na ya kuliza. Aliruhusiwa kukosea mbele ya walimu badala ya kukosea mbele ya watu waliolipa kiingilio. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo faida kubwa ya shule yoyote: ni mahali ambapo kosa lako halikufukuzishi kazi.

Kabla tu ya kuhitimu alipata nafasi ya kuigiza Patsey katika filamu ya Steve McQueen. Patsey alikuwa mtu wa kweli, mtumwa aliyetajwa na Solomon Northup katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1853. Ndani ya filamu yapo tukio ambalo aliyelitazama halisahau. Patsey amekwenda shamba jirani kutafuta kipande cha sabuni, kwa kuwa bibi wa nyumba amemnyima, na anaporudi anafungwa nguzoni na kuchapwa. Sehemu kubwa ya tukio hilo imepigwa mfululizo bila kukatwa. Hakuna kusimama, hakuna kupumzika, hakuna mkataji wa picha wa kuficha udhaifu. Mwigizaji aliyezoea vipande vya sekunde kumi angeshindwa. Aliyefunzwa na jukwaa, ambako mchezo ukianza hauna kurudi nyuma, aliweza. Oscar ile ilishindwa pale nguzoni, na nguzo hiyo ilichimbiwa Nairobi na New Haven.

Alichokifanya baada ya tuzo ndicho kilichonivutia zaidi. Wengi wakipata sifa ya filamu hawarudi tena kwenye mbao za jukwaa, ambako malipo ni madogo na kazi ni nyingi. Yeye mwaka wa 2015 alirudi jijini New York kuigiza Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia. Mwaka wa 2016 mchezo huo ukahamia Broadway, ukawa wa kwanza huko ambao mwandishi, mwelekezi na waigizaji wote walikuwa wanawake weusi. Lupita akateuliwa kuwania tuzo ya Tony.

Lakini liko jambo dogo ambalo watu hulipuuza. Tamthilia hiyo hakuijua 2015. Alikutana nayo mwaka wa 2009 huko Yale akiwa mwanafunzi mpya, na kazi yake ilikuwa mwigizaji wa akiba. Mwigizaji wa akiba hukariri mistari yote, hujua kila hatua ya mguu, hungoja kila usiku kwamba labda mwenye nafasi ataugua, na aghalabu haugui. Anarudi nyumbani bila kupigiwa makofi. Kijana wangu unayesoma haya, ungekubali kazi hiyo? Yeye aliikubali, na mchezo alioungoja pembeni ndio uliompeleka Broadway miaka saba baadaye.

Tumtazame sasa katika filamu, tuone mafunzo hayo yanavyogeuka. Katika Star Wars: The Force Awakens ya mwaka wa 2015 uso wake hauonekani kabisa. Mwendo wake ulinaswa na mitambo, kisha kompyuta ikamchora kikongwe Maz Kanata, mwenye umri wa zaidi ya miaka elfu. Katika Queen of Katwe ya 2016, ya Mira Nair yuleyule ambaye zamani alimfanyia kazi za usaidizi, ni mama mjane wa Kampala anayehofia kwamba mchezo wa sataranji utamwonjesha binti yake maisha asiyoweza kuyapata. Katika Black Panther ya 2018 ni jasusi. Katika Us ya Jordan Peele, ya 2019, ni watu wawili kwa wakati mmoja, mwanamke na kivuli chake kinachomwinda. Kila mmoja ana mwendo wake na sauti yake, hata mtazamaji husahau kwamba anamtazama mtu mmoja.

Mwaka wa 2024 ulikuwa kama mtihani uliotungwa na mwalimu mkali. Katika The Wild Robot, ambayo ni katuni, hakuwa na chochote isipokuwa sauti. Kwa sauti hiyo alimfanya roboti aanze kama mashine na kuishia kama mama. Katika A Quiet Place: Day One mambo yaligeuka. Ni filamu ambayo anayetoa sauti anakufa, kwa hiyo alilazimika kueleza maradhi, woga na upendo kwa macho na mabega. Sauti bila mwili, kisha mwili bila sauti, katika mwaka mmoja. Huko ndiko kuwa mwigizaji wa kila namna. Na hata hivyo amekiri mara kadha hadharani kwamba kila kazi mpya humtia wasiwasi kama asiyestahili. Aliyefunzwa vizuri hujua ukubwa wa kazi. Asiyefunzwa ndiye asiye na hofu.

Kisha, Agosti 2025, ukumbi wa wazi wa Delacorte uliomo katika bustani ya Central Park jijini New York ulifunguliwa tena baada ya ukarabati. Mchezo wa ufunguzi ulikuwa Twelfth Night wa Shakespeare. Lupita aliigiza Viola, naye ndugu yake wa tumbo moja, Junior Nyong'o, akaigiza Sebastian, pacha wake. Mwelekezi alikuwa Saheem Ali, aliyezaliwa Kenya. Na mbele ya watazamaji walioingia bila kulipa hata senti, mapacha wale waliopotezana baharini walizungumza baadhi ya maneno yao kwa Kiswahili.

Habari hizo zilinifurahisha kuliko zile za Oscar. Mwalimu Julius Nyerere alipotafsiri Julius Caesar na The Merchant of Venice katika miaka ya sitini, alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuubeba uzito wa Shakespeare. Wako waliomcheka. Sasa lugha hiyo imesikika katikati ya New York, vinywani mwa Wakenya, katika mchezo wa Shakespeare huyohuyo. Haikusikika kama kichekesho wala pambo. Ilikuwa lugha ya wageni wawili wanaotafutana katika nchi isiyokuwa yao.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni la haki. Msomaji atasema: huyo ni binti wa profesa na mwanasiasa, alisomeshwa ng'ambo, mtoto wa Mukuru au wa Kaloleni ataipata wapi Yale? Sibishi. Mlango aliouingilia ni mwembamba na wengi hawana ufunguo. Lakini hebu tuifikirie hoja hiyo hadi mwisho. Ikiwa mtoto wa mwenye uwezo, pamoja na kipaji chake chote, alihitaji jukwaa la Nairobi, kazi za usaidizi na miaka mitatu ya darasa, basi mtoto wa maskini mwenye kipaji kilekile anahitaji mafunzo zaidi, si pungufu. Wenzetu wa Yale wenyewe wameligundua hilo. Tangu mwaka wa 2021, kwa mchango wa dola milioni 150 wa tajiri David Geffen, shule hiyo ya drama haitozi karo.

Sisi tunafanya nini? Tuna utajiri ambao mataifa mengi hayana. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi wetu hushiriki mashindano ya kitaifa ya drama, kuanzia shule za msingi hadi vyuo. Mimi nimeketi katika kumbi hizo mara nyingi, nikaona watoto wa vijijini wakiigiza kwa ufundi unaosisimua mwili. Kisha mtihani unafika, cheti kinatolewa, na jukwaa linatoweka chini ya miguu yao. Walio na bahati hujiunga na vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza vitabu vya mtihani kama vile Kigogo na Bembea ya Maisha. Hiyo ni kazi ya heshima, na imewalisha wengi. Lakini vikundi hivyo huwa na mchezo mmoja au miwili, mazoezi ya haraka, na gari la kuwahi shule ya pili kabla ya saa nane. Humo mwigizaji hutumia alichonacho; hapati nafasi ya kuongeza.

Phoenix haimo tena katika jumba lile la karibu na Bunge. Ukumbi aliochezea msichana wa miaka 14 umetutoka, na sijaona hamaki yoyote ya wale waliomshangilia 2014. Jumba la Kitaifa la Michezo, lililofunguliwa 1952, lilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka wa 2015, jambo jema. Lakini jumba si kundi, na kundi si shule. Nao baadhi ya watayarishaji wa vipindi siku hizi humwuliza kijana ana wafuasi wangapi mtandaoni kabla ya kumwuliza kama anaweza kuigiza.

Nitasemwa kwamba wazee wetu wa Vitimbi na Vioja Mahakamani walituchekesha miaka na mikaka bila ya shahada. Kweli kabisa, nami nawavulia kofia. Lakini tusisahau kwamba walifanya kazi pamoja, wahusika walewale, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Hiyo nayo ni shule. Kijana wa leo anayeitwa siku mbili kwa tangazo la sabuni, kisha akakaa miezi sita bila kazi, hana shule hiyo wala ile nyingine.

Fursa iko mlangoni. Kuanzia mwaka wa 2026 wanafunzi wa shule zetu za sekondari ya juu wanaweza kuchagua mkondo wa sanaa na michezo. Nauliza: ni nani atakayewafundisha uigizaji? Ikiwa kazi hiyo itarushiwa mwalimu yeyote mwenye kipindi kitupu, tutakuwa tumebadilisha jina la somo tu. Wizara iwaajiri wahitimu wa sanaa za maonyesho wanaotoka katika vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwa kimojawapo, ambao wengi wanahangaika mitaani. Kila kaunti iwe na ukumbi mmoja mdogo, hata wa viti mia, wenye kundi la kudumu linalolipwa mshahara, hata kama ni mdogo. Nao wafadhili wa mashindano ya drama watenge sehemu ya fedha za vikombe na fulana iwe karo ya mwanafunzi mmoja mmoja aliyeonyesha uwezo.

Hayo si maombi makubwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya karamu tunazoandaa kuwapokea washindi uwanjani Jomo Kenyatta.

Kijana anayesoma makala haya akiwa na ndoto ya jukwaa, namwambia asingoje serikali. Atafute kundi, hata la kanisani au mtaani. Akubali kubeba viti, akubali kuwa mwigizaji wa akiba. Asome tamthilia kwa sauti kila siku, za Kiswahili na za kigeni, na arudie mstari uliomshinda hadi umtii. Lakini serikali nayo, na sisi wazazi tunaowaambia watoto kwamba kuigiza si kazi, tukumbuke kwamba siku nyingine mtoto mwingine wa Kenya atasimama jukwaani ugenini akiwa na tuzo mkononi. Siku hiyo tutadai tena kwamba ni wetu. Ingefaa angalau tuwe tumemfunza kitu.